Presha imeshuka, kwa nini daktari alifunga dripu?

SWALI: Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya. Tulipokea mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita: presha 80/50, mikono ya baridi, anahema kwa shida. Nikamtundikia dripu ya Ringer. Daktari alipofika akaifunga, akaandika rufaa. Nilikosea wapi?

JIBU: Dada, hukukosea kutambua kwamba yuko kwenye shoku, yaani viungo havipati damu ya kutosha; ulichokosea ni aina yake. Dripu ile inamfaa aliyevuja damu au aliyeharisha mpaka akakauka. Huyu wako ana shoku ya moyo: damu anayo, ila moyo umekosa nguvu ya kuisukuma. Isipokwenda mbele inarundikana nyuma, kwenye mapafu, na maji unayoongeza yanaishia huko huko.

Siku nyingine, kabla ya kugusa dripu, mwinue kitandani nyuzi 45 umtazame shingo. Aliyekaukiwa maji, mishipa ya shingo imelala. Moyo ukishindwa, imetuna, unaiona hata ukiwa umesimama mlangoni. Kisha weka stetoskopu mgongoni, chini kabisa: utasikia mkwaruzo mwembamba, kama nywele zinazosuguliwa karibu na sikio. Hayo ni maji. Mgonjwa mwenyewe naye hukwambia, maana ukimlaza chali anainuka kwa nguvu.

Kwa wajawazito na waliojifungua, fikiria ugonjwa wa misuli ya moyo unaotokana na uzazi. Huanza kati ya mwezi wa mwisho wa mimba na miezi mitano baada ya kujifungua, na huchukuliwa kirahisi kuwa uchovu wa kulea, jambo linaloniumiza sana. Kwa watu wazima kwa jumla, chanzo kikuu cha shoku hii ni kuziba ghafla kwa mshipa unaolisha moyo, na hapo kinachookoa maisha ni kuuzibua mapema.

Kituoni kwako: mketishe, mpe oksijeni, weka mpira wa mkojo. Mkojo ukitoka chini ya mililita 30 kwa saa, figo hazifikiwi na damu. Lasiksi, dawa ya kutoa maji kwa mkojo, isubiri presha iinuliwe, kwa kawaida kwa dawa ya noradrenalini. Dopamini, dawa nyingine ya kuinua presha, huvuruga mapigo ya moyo zaidi. Utafiti wa SOAP II wa mwaka 2010, uliolinganisha dawa hizo mbili, ulilionyesha hilo.

Na kwenye barua ya rufaa usifiche ile dripu: andika ni mililita ngapi zilikwisha kuingia, na saa ngapi ilifungwa.