Sabufa kwenye redio iliyokuja na gari

Mkuu, umeuliza kama lazima ubadilishe redio ya IST yako ndipo ufunge sabufa, kwa kuwa nyuma haina matundu ya RCA, yale ya kutolea sauti kwenda kwenye amplifaya. Si lazima. Premio yangu bado ina redio ileile iliyotoka nayo Japani, na besi inapiga safi.

Tafuta amplifaya inayopokea waya za spika moja kwa moja, kisha chukua sauti kwenye spika za nyuma. Rangi za waya usiziamini. Chomoa soketi ya redio, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye waya mbili za spika mara moja tu: spika ikisukumwa nje, waya ulio kwenye chanya ya betri ndio chanya. Na hasi ya spika usiipeleke kwenye bodi ya gari kabisa. Kwenye redio hizi waya zote mbili za spika zina umeme, ukiugusisha mmoja na bodi unaweza kuiua redio.

Moto, yaani umeme wa chanya wa amplifaya, chukua kwenye betri ya gari yenyewe. Nimeshaona gari ambalo fundi aliuchukua kwenye tundu la kiberiti. Amplifaya ya wati 300 za kweli huvuta kama ampea 27, na tundu lile kwa kawaida lina fyuzi ya 15! Weka fyuzi ya 40 ndani ya sentimita 45 kutoka betri. Waya ukichubuka unapopita ukuta wa injini, fyuzi iliyoko kwenye buti haitakuokoa, gari litaungua. Hapo upitishe kwenye raba.

Dukani kwangua nyuzi za waya kwa wembe kabla hujalipa. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Itakubidi ununue nene zaidi. Mimi natumia geji 8 (kipimo cha unene wa waya) ya shaba tupu.

Ethi, yaani waya wa hasi wa amplifaya unaofungwa kwenye bodi, iwe fupi; unapoufunga piga msasa rangi mpaka bati ling'ae. Ukisikia mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta, anza kukagua hapo. Waya wa kuwashia amplifaya utoke kwenye fyuzi ya ACC, inayopata umeme ufunguo ukizungushwa tu, la sivyo asubuhi betri imekwisha.

Mwisho, kwenye amplifaya kata sauti za juu ya hezi 80 ili sabufa ipige besi tu, fungua sauti ya redio robo tatu, pandisha geini (kitufe cha amplifaya cha kukuza sauti inayoingia) taratibu. Besi ikianza kukwaruza, rudisha kidogo, uiache hapo.