Amepiga pasi khanga aliyoiharibu, na wewe hukuliona hilo

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nauza duka la vitambaa Kariakoo, natoka alfajiri narudi usiku. Mume wangu ni mtu mzuri, hanywi, hapigi, lakini tangu mkataba wake wa udereva uishe mwezi wa pili ameamua kunisaidia kazi za nyumbani, na ananitia hasara. Kikaango changu cha chuma cha chapati, kilichokuwa cheusi kwa mafuta ya miaka sita, amekisugua kwa stilwaya na sabuni ya unga mpaka kikawa kijivu, na kesho yake kikaota kutu. Akapika wali wa nazi, tui likakatika. Akaosha choo kwa jiki, akaongezea na ile dawa kali ya choo, watoto wakakohoa mpaka jirani akaja. Yote hayo nikanyamaza. Wiki iliyopita amefua khanga ya "Nani kama mama" aliyonipa marehemu mama siku niliyofundwa. Kaitia ndoo moja na kanzu zake, na jiki juu. Imekuwa kama tambara la deki. Halafu akaipiga pasi, akaikunja, akaiweka kitandani kama vile hakuna kilichotokea! Shoga zangu kwenye kikundi wanasema anafanya makusudi ili nimwambie aache, na picha ya ile khanga wameicheka mpaka basi. Mama mkwe naye kaanza maneno, eti nimemgeuza mwanawe mfanyakazi wa ndani. Siku hizi mume wangu haongei, anashinda barazani. Nimwambieje aache kugusa vitu vyangu? Au nimpeleke kwa wazee?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa khanga ya mama. Hata hilo duka unalouza halina khanga nyingine iliyowahi kufungwa kiunoni mwa mama yako. Umelia, na ulikuwa na haki ya kulia. Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma namwona ndani yake mtu mmoja anayeonewa, na mtu huyo si wewe.

Tuanze na pasi. Mtu asiyejali akiharibu nguo ya mwenzake huiacha ininginie kwenye kamba, au huisokota akaisukumia nyuma ya ndoo, na akiulizwa husema hajui. Huyu wako aliitoa kwenye maji akaona pindo jekundu limegeuka rangi ya ufizi, akaona jina halisomeki mpaka uliinue kwenye mwanga. Aliona kila kitu. Akaianika, akangoja ikauke, akawasha pasi, akainyoosha kona kwa kona, akaikunja kama anavyokuona wewe ukizikunja zako, akaiweka kitandani. Ile ilikuwa samahani, mwanangu. Maneno yalimshinda, akatumia pasi. Na wewe ukaichukua ile samahani ukaipiga picha.

Ndiyo, picha. Umeipitisha haraka sana, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Picha haikujipeleka yenyewe kwenye kikundi. Uliipiga wewe, ukaandika maneno chini yake, ukatuma. Na nadhani ya kikaango ilitangulia, na ya tui pia, maana mashoga hawafiki kwenye hukumu ya "anafanya makusudi" kwa khanga moja. Kwa hiyo hilo neno "nikanyamaza" mimi silikubali. Ulimnyamazia mumeo, ukawasimulia wengine. Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema wazee, na wewe umeitoa kata nje ukaizungusha mtaa mzima. Hao mashoga nao wana waume, na waume hao wanakutana na wako msikitini na kwa kinyozi. Bado unajiuliza kwa nini anashinda barazani? Habari imeshamfikia. Khanga peke yake isingemnyamazisha hivyo.

Na yapo maneno manne umeyatupia katikati ya sentensi kama kitu kidogo: mkataba wake wa udereva. Mtu aliyeamka saa kumi usiku miaka yote kushika usukani, mwezi wa pili akaambiwa hatakiwi tena. Wewe unatoka alfajiri kwenda kutafuta, yeye anabaki na vyombo vya jana. Angeweza kwenda kijiweni kucheza drafti mpaka jua lizame, na nina barua nyingi hapa za wake wa wanaume wa namna hiyo. Huyu aliangalia nyumba akauliza mikono yake ifanye nini. Jiulize lini mara ya mwisho umemwambia ahsante. Ukishindwa kukumbuka, basi umeshapata jibu la nusu ya barua yako.

Sasa hilo la makusudi. Wapo wanaume wanaoharibu kwa makusudi, sitawatetea. Mtu wa makusudi huunguza maharage mara moja akatangaza kuwa jiko si kazi yake, na hutamwona tena humo. Wako kasugua kikaango, hakusifiwa. Kapika wali, hakusifiwa. Kaosha choo, kafua. Mtu wa makusudi hafiki kazi ya nne. Tena khanga yako ilikuwa ndoo moja na kanzu zake mwenyewe, na sidhani kama hizo kanzu zilitoka salama kwenye maji yenye rangi nyekundu, ila hukuziandika kwa kuwa si zako.

Kwenye choo nakuunga mkono bila kusita. Jiki ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huchoma koo na mapafu. Ndani ya choo kidogo kisicho na dirisha inaweza kuua mtu. Hili usilifanyie adabu wala mzunguko. Mwambie leo, waziwazi, kwa sauti ya kawaida: hizi chupa mbili hazikutani kamwe, ukitumia moja, mwaga maji mengi na ungoje siku nyingine kwa ile ya pili. Ziweke mbalimbali. Umeliandika kwenye orodha moja na wali, kana kwamba lina uzito sawa na tui kukatika. Lilipotokea ulipaswa kukaa naye chini usiku uleule. Hukukaa, kwa sababu ulikuwa unakusanya makosa, na mtu anayekusanya makosa hataki yapungue.

Mimi nimekaa kwenye kufunda mabinti kwa miaka mingi, acha niseme linalonikera. Harusi zetu za siku hizi kamati hukaa miezi mitatu, minne. Wanajadili ukumbi, mshereheshaji, keki, sare za kamati, michango inafuatiliwa kwa simu kama deni la benki. Bibi harusi anafanyiwa shughuli yake, anakalishwa mkekani, kungwi anamwambia hivi ndivyo unavyotenganisha nguo, hivi ndivyo chungu kipya kinavyozoeshwa moto, huyu analeta sufuria, yule analeta doti. Bwana harusi anapimwa suti. Basi. Hakuna hata mjomba mmoja anayemkalisha akamwonyesha namna ya kuosha sufuria lililoungua. Jandoni hawakumfundisha rangi zinazochuja. Mama yake alimfukuza jikoni tangu ana miaka saba, na huyo ndiye leo analalamika kuwa mwanawe anafua. (Mama mkwe wako mwache kidogo. Ameona mwanawe amekonda kwa mawazo, akatafuta wa kumlaumu. Mpelekee salamu na kilo mbili za sukari, mwambie mwanawe ni msaada mkubwa, uone kama hatageuka.)

Tumepigania muda mrefu kazi za nyumbani zihesabiwe kuwa ni kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani anazofanya mke ni mchango katika mali ya ndoa. Wanawake tulishangilia, na mimi nashangilia mpaka leo. Lakini kama ni kazi, basi ina ujuzi wake, na ujuzi hufundishwa. Huwezi kudai heshima ya fundi halafu ukashangaa mwanafunzi wa siku ya kwanza anakosea kipimo. Wewe kikaango kile kilikuwa cheusi kwa sababu ulikuwa unajua kuwa weusi ule ni mafuta yaliyokaukia kwenye chuma, na ndiyo yanayozuia chapati isishike. Kwa macho ya mtu asiyejua, ule ni uchafu wa miaka sita. Akasema leo nitamfurahisha mke wangu. Hebu fikiria alivyosugua, mkono unamuuma, mpaka chuma kikawa kijivu, akakiweka mahali utakapokiona ukiingia.

Nitakueleza langu, sijawahi kuliandika. Nilikuwa Tanga, mwezi wa Ramadhani, nimejifungua, mtoto ana siku kumi. Marehemu mume wangu, fundi seremala, akasema leo futari naipika mimi. Muhogo wa nazi. Akakamua nazi mwenyewe, akamimina tui lote zito mwanzoni, akakoleza moto, akaenda kutawadha. Hakujua kwamba tui zito hungoja mwisho, na kwamba likiingia unalichota kwa upawa na kulirudisha, unalichota na kulirudisha, mpaka lichemke. Likakatika, vipande vyeupe vikaelea juu ya maji. Dada yake alikuwepo, jirani alikuwepo. Nikasema mbele yao, "Hiki nacho nani atakila?" Wakacheka. Yeye akachukua sufuria, akaenda nalo nyuma ya nyumba, na adhana ilipoita nikasikia kijiko kikigonga sufuria. Alikula peke yake. Tuliishi miaka kumi na tisa baada ya siku ile na hakuwasha tena jiko langu. Nikiwa na homa, alinunua chakula kwa mama ntilie. Nilipata hicho unachokiomba wewe leo: hakuna aliyegusa vitu vyangu. Ameshazikwa, na mimi bado nakisikia kile kijiko.

Kwa wazee usiende. Utawaambia nini? Kwamba mume amefua? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeweka baraza la usuluhishi kwa ndoa iliyofika ukingoni, yenu haijafika huko. Kosa moja haliachi mke, na makosa manne ya nia njema hayampeleki mume kikaoni. Na ukimkalisha mbele ya wazee kwa ajili ya khanga, ujue umeiongeza ile picha ukubwa.

Fanya hivi. Leo kabla hujatoka Kariakoo, fungua kikundi, ifute ile picha kama bado inafutika, na uandike: "Niliyoyasema kuhusu baba watoto nilikosea, naomba tusiyaendeleze." Watakaokucheka ndio hao wa kuwaogopa. Usiku watoto wakilala, mfuate barazani, kaa naye chini, usikae juu ya kiti kama hakimu. Mwambie umeona kuwa aliipiga pasi. Anza na hilo hasa, atakuelewa mara moja. Mwambie uliumia kwa sababu ya mama, na kwamba hukumwambia maana ya ile khanga, maana sidhani uliwahi kumwambia. Kwake ilikuwa khanga kati ya khanga ishirini. Kisha omba radhi ya picha. Usiseme "samahani kama uliumia". Sema ulichofanya. Na usingoje naye aombe ndipo muwe sawa, yeye ameshaomba.

Ile khanga rangi yake hairudi, usipoteze pesa kwa wapaka rangi. Lakini khanga iliyochuja huwa laini, na laini yake ndiyo wanayoitafuta wenye watoto wachanga. Jifunike usiku. Mama yako hakukupa ikae sandukuni. Zilizobaki za thamani mwonyeshe ni zipi, ziweke kwenye begi la peke yake, na umfundishe ndoo tatu: nyeupe, za rangi, na zile zinazochuja ambazo hufuliwa peke yake kwa maji baridi. Jiki ni ya ndoo ya kwanza tu. Ni somo la robo saa, ungeweza kulitoa tangu mwezi wa pili.

Kikaango kinapona, usikitupe. Ila usikiponye wewe. Jumapili mkae wote jikoni, yeye akishike. Aondoe kutu yote kwa hiyohiyo stilwaya, akioshe, akikaushe juu ya moto, akipake mafuta kidogo sana kwa kitambaa mpaka kionekane kama hakina mafuta, akiache motoni mpaka kitoe moshi, kipoe, apake tena. Mara tatu, mara nne, fungueni madirisha. Wewe kata vitunguu, umweleze huku mkipiga soga kwa nini kila mara mafuta yawe machache. Halafu sukuma unga, yeye achome. Chapati ya kwanza itashika, na ya pili huenda ikashika. Hizo mbili kuleni nyinyi wawili, palepale jikoni, kabla hamjawaita watoto.