Mwaka wa kwanza wa sheria: nianze na lipi?

SWALI: Shikamoo wakili. Niko mwaka wa kwanza wa sheria. Nimo kwenye mahakama ya mazoezi, klabu ya midahalo na jarida la wanafunzi, na tayari natafuta ofisi ya mawakili ya kujitolea. Kesi za kusoma ni nyingi, nami naambulia alama za wastani. Nipunguze nini?

JIBU: Marahaba. Mambo mawili yatangulie mengine yote: kusoma hukumu zenyewe na kuandika majibu.

Wanafunzi wengi husoma muhtasari wa kesi, wakadhani wameisoma kesi. Chukua Donoghue v Stevenson ya mwaka 1932. Ukiwauliza, watakusimulia konokono ndani ya chupa ya soda ya tangawizi, basi. Lakini uzito uko kwingine: Bi Donoghue, aliyedai kuugua baada ya kuinywa soda ile, hakuinunua mwenyewe; ilinunuliwa na rafiki yake. Bi Donoghue hakuwa na mkataba na yeyote, hivyo swali likawa kama mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji asiye na mkataba naye. Katika Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa wakati huo, majaji watatu walikubali, wawili wakakataa. Na konokono huyo hakuwahi kuthibitishwa mahakamani. Malodi waliamua hoja ya sheria tu, kwa kuchukulia kwamba madai ni kweli. Wasome na wale wawili waliopinga, maana hoja zao ndizo upande wa pili utakazokuletea siku moja.

Kwa kila hukumu jiulize: mahakama iliulizwa nini, iliamua nini, na ni jambo gani likibadilika uamuzi nao ungebadilika? Hilo la tatu ndilo gumu, na ndilo linalotafutwa kwenye mtihani. Mtihani hukupa kisa kipya kabisa. Anayejua kanuni bila kujua mipaka yake huitaja, kisha anarukia hitimisho. Alama nyingi zimo katikati, pale unapopima mambo ya kisa hicho dhidi ya kanuni. Kwa hiyo andika jibu moja kila wiki, kwa muda wa mtihani, na umwombe mhadhiri au mwenzako makini alikosoe. Hata ukurasa mmoja unatosha.

Mahakama ya mazoezi ibaki, kwani inakulazimisha kufanya kazi hiyohiyo kwa sauti. Midahalo na jarida viahirishe hadi mwaka wa pili. Ofisi ya mawakili iende likizo ndefu. Usikose mhadhara kwa ajili ya kupanga mafaili ya watu.

Muda ukibana zaidi, usiibie sheria ya mikataba. Sheria za kampuni, ajira na mauzo ya bidhaa zote zitakudai uijue, na hakuna mhadhiri atakayerudi kukufundisha upya.