Funga daftari, kisha niambie

Jumatatu moja ya mwezi wa pili, joto la kaskazi limetuama darasani, niligawa vipande vya karatasi nikauliza maswali matatu kuhusu somo nililolimaliza Ijumaa. Mada ilikuwa mwezi na kupwa na kujaa kwa maji. Ijumaa hiyo nilitoka darasani nikijisifu kimoyomoyo. Ubao ulijaa michoro, daftari zilijaa maandishi, na kila nilipouliza "Mmeelewa?" darasa zima liliitikia "Ndiyo, mwalimu!" mpaka punda wa uchochoroni akalia. Karatasi za Jumatatu zilinikata maini. Nilikuwa na watoto zaidi ya 40, na waliojibu sawasawa maswali yote matatu hawakufika watano.

Nikawalaumu, kama kawaida yetu walimu. Wavivu hawa, kazi yao simu na mpira. Kisha nikarudia somo lilelile, safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Wiki iliyofuata, hali ni ileile.

Aliyenifungua macho ni maalim wangu wa chuoni, chuo cha Kurani, mzee aliyenisomesha nikiwa mdogo hapa hapa Lamu mjini. Nilipita kumwamkia alasiri moja nikamkuta barazani na mtoto wa miaka tisa hivi mbele yake. Msahafu ulikuwa umefungwa, uko mapajani mwa maalim. Mtoto hakuanza na somo la siku hiyo, alianza na la jana, kisha sura aliyoimaliza zamani, ndipo akafika kwenye aya mpya. Mahali fulani akakwama. Maalim hakumtajia neno. Alingoja, kidole kikigonga goti taratibu, mtoto anatazama dari anatafuta. Kimya kilikuwa kirefu mpaka mimi nikataka kumsaidia. Hatimaye maalim akamtamkia herufi ya kwanza tu, na aya ikatoka yote.

Mtoto alipoondoka nikamweleza maalim shida yangu. Akaniuliza, "Na wewe huwasikiliza?" Nikamwambia huwa nawauliza kama wameelewa. Akacheka. "Mwanangu, mimi sijapata kumwuliza mtoto kama amehifadhi. Namwambia, haya, soma."

Nimesoma vyuo, nina shahada ya ualimu, na jambo hilo lilikuwa limenipita.

Baadaye nilipoanza kusoma juu ya kumbukumbu nilikuta wataalamu wamelipima kwa njia zao. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikuwa akihifadhi orodha za silabi zisizo na maana, anaziacha, kisha anajifunza upya na kupima ameokoa kiasi gani cha kazi ya mwanzo. Baada ya dakika 20 aliokoa kama asilimia 58. Baada ya siku moja, asilimia 34 hivi. Baada ya siku 31, kama 21. Tazama zinavyoporomoka: hasara kubwa hutokea mapema, kisha mteremko unapungua. Watoto wangu kusahau kati ya Ijumaa na Jumatatu hakukuwa utovu wa adabu. Ndivyo kichwa cha binadamu kilivyo, changu kikiwemo.

Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, walitoa mwaka 2006 utafiti uliogusa hasa hadithi ya maalim. Wanafunzi walisoma vifungu vya habari. Wengine wakavisoma tena, wengine wakafunga na kuandika wanachokikumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya siku 2, na baada ya wiki, mambo yaligeuka: waliojitahidi kukumbuka ndio walioongoza. Na waliorudia kusoma ndio waliotarajia kukumbuka zaidi! Hapo nikaielewa ile "Ndiyo, mwalimu" ya Ijumaa. Watoto hawakunidanganya. Waliona wamejua kwa sababu maneno yalikuwa bado yako ubaoni.

Basi ninachofanya sasa ni hiki. Kila kipindi kinaanza na dakika tano za karatasi, daftari zimefungwa. Swali moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Swali la mwezi uliopita ndilo wanalolichukia, nami ndilo ninalolipenda. Sitoi alama. Nilijaribu kutoa alama mwanzoni, na kufikia siku ya tatu shingo zilikuwa zimerefuka kama za korongo, kila mtu anachungulia kwa jirani. Nilipoacha alama, kuchungulia kukaisha kwa sababu hakuna cha kuiba.

Mambo mawili nimejifunza kwa kuumia. La kwanza, usimsimamishe mtoto mmoja mbele ya wenzake ukadhani unamfanyia kama maalim. Chuoni mtoto husikilizwa akiwa karibu na mwalimu, na wenzake wana yao ya kusoma. Mimi nilimsimamisha msichana mmoja mkimya, akasahau hata jina la sayari yetu, na muhula mzima hakuinua mkono tena. Aibu hufunga mdomo, na kichwa pia. Waandike wote, kisha kila mmoja alinganishe na wa pembeni yake. La pili, jibu sahihi litolewe papo hapo. Kosa likilala usiku mmoja bila kusahihishwa, kesho utalikuta limejenga nyumba.

Lakini nisiwapeleke watu mrama. Kukumbuka maneno si kuelewa, na hapa darasa la sayansi lina njia yake. Ebbinghaus huyohuyo alipohifadhi beti za shairi badala ya silabi zake kavu, kazi ilipungua mpaka kama sehemu moja ya kumi. Kwa watu wa Lamu hilo si habari. Bibi zetu walihifadhi tendi za mamia ya beti, na si kwamba walikuwa na vichwa vya ajabu. Maana, vina na mizani vilibebana.

Basi nikarudi kwenye mwezi. Somo langu la kwanza lilikuwa limeanza na mchoro wa kitabu, duara tatu na mishale. Safari ya pili nilianza kwa kuuliza: "Leo mwezi ngapi?" Si ule wa kalenda ya ukutani, mwezi wetu wa Kiislamu. Mikono ishirini juu. Mwezi hupevuka siku gani? Kumi na nne, kumi na tano. Na bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa sana, huja lini? Hapo mvulana wa nyuma kabisa, wa nyumba ya mabaharia, ambaye tangu Januari sikuwahi kuisikia sauti yake, akasema bamvua ni mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na katikati yake ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Aliyajua kwa sababu wazee wake walikuwa hawawezi kupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, mpaka maji yajae. Nusu ya somo langu alikuwa nayo tayari, nami wiki mbili nilikuwa namfundisha kana kwamba ni kisima kitupu.

Siku ya mwezi ishirini na mbili, asubuhi, mwezi ukiwa bado unaonekana juu upande wa magharibi, niliwatoa uani, kila mmoja na ndimu. Inyoshe mkono, weka ndimu kando ya mwezi. Jua limeiangaza ndimu upande uleule lilivyouangaza mwezi, nusu kwa nusu. Kimya, kisha kelele. Wengi walikuwa wakiamini kivuli cha dunia ndicho kinachoukata mwezi, na ile ndimu iliwatoa huko kuliko mchoro wowote. Ila nikiri: mara ya kwanza waliachiwa wale ndimu zao kwa chumvi na pilipili, na Jumatatu karatasi kadhaa zilisimulia ndimu vizuri sana, mwezi haumo. Mtu hukumbuka kile alichokuwa akikifikiria. Sasa ndimu nazikusanya kabla ya swali la mwisho.

Kuna ushauri mmoja niliufuata nikaujutia. Kwenye semina fulani tuliambiwa kila mtoto ana namna yake ya kujifunza: wa macho, wa masikio, wa mikono. Nikawapa maswali ya kujitambua, nikawaandika kwenye rejista. Wiki haikuisha mvulana akagoma kusoma ukurasa: "Mwalimu, mimi ni wa masikio." Mwaka 2008 Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti za jambo hili na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtoto kwa "namna yake" kunamfanya ajifunze zaidi. Watoto wanatofautiana, tena sana, hasa kwa yale wanayoyajua tayari. Lakini kinachochagua njia ni somo lenyewe. Ramani hutazamwa, matamshi husikilizwa, fundo la kamba hufungwa kwa mikono, na hilo ni kwa wote.

Nimeacha pia kusema huku wananakili. Sayansi tunaifundisha kwa Kiingereza, na mtoto anayeandika, anasikiliza, na hapohapo anatafsiri, hana nafasi iliyobaki ya kufikiri. Kalamu chini, tunazungumza, hata kwa Kiswahili ikibidi, kisha ndipo tunaandika, na machache.

Wazazi huniuliza wafanye nini nyumbani, hasa akina mama wanaosema hawakusoma sana. Nawaambia: mwambie afunge daftari, akae nawe jikoni unapokuna nazi, akusimulie alichosoma leo. Kwa Kiswahili. Akikwama, usimpe daftari haraka, ngoja kidogo. Huhitaji kujua jibu. Utamjua tu anapobabaisha, maana ndiyo sauti ileile anayotumia akiulizwa sukari imekwendaje.

Muhula uliopita niliuliza swali la mwezi uliopita: bamvua huja siku gani? Yule mvulana wa nyuma aliandika jibu langu, kisha chini yake akaongeza kwamba baba yake anasema maji makubwa hasa huja siku moja au mbili baada ya mwezi kupevuka, si siku yenyewe, kwa hiyo mwalimu alikosea. Nikaenda kusoma usiku. Kweli, mara nyingi maji huchelewa hivyo. Asubuhi nikampa chaki, akaenda ubaoni akasahihisha sentensi yangu mbele ya wote, na mwandiko wake mbaya ajabu.