Nywele zimebadilika, helmeti imekataa

*Kaka, salaam kutoka Calgary. Binti yangu ana miaka 9. Shule yao huwapeleka kuskii kwenye theluji pale Canada Olympic Park, na helmeti ni lazima. Mwaka jana tulimnunulia mpya, ikamkaa vizuri kabisa. Mwaka huu sielewi: wiki moja inambana hadi analia, wiki nyingine inacheza kichwani. Baba yake anasema tununue kubwa kidogo, ya kukulia. Nifanyeje?*
Mama, Calgary

Dada yangu, salaam. Kwanza kabisa, msinunue ya kukulia. Viatu vya shule tunanunua vya kukulia, sweta vivyo hivyo, lakini helmeti humkinga mtoto pale tu inapomkaa sawasawa, na siku ya kuanguka haipangwi. Tena, mtoto wa miaka 9 kichwa chake kimeshamaliza sehemu kubwa ya kukua. Kinachobaki huongezeka polepole mno. Kichwa kinachokua hakibanwi wiki hii kikapwaya wiki ijayo. Kwa hiyo nakuuliza jambo ambalo barua yako haikuligusa: anasukwa mara ngapi?

Huu ni mwaka wa 11 nafanya kazi kwenye duka la kukodisha vifaa vya skii huku Alberta, na kila Desemba naliona hili. Kuna msichana alikuja na mama yake siku ya Ijumaa, nywele zimefumuliwa na kulazwa kwa maji. Nikampima kwa futi ya fundi cherehani: sentimita 53. Jumapili akarudi na rasta mpya. Kichwa ni kilekile, futi ikasoma 55. Helmeti aliyochukua Ijumaa ilikuwa imepanda hadi vidole vinne juu ya nyusi, na mama alikuwa amelegeza mkanda wa kidevu mpaka mwisho ndipo ukafika. Mtoto yule angeanguka kifudifudi, paji lake lote la uso lilikuwa wazi.

Basi anza na futi. Izungushe kama sentimita mbili juu ya nyusi, ipite juu ya masikio na nyuma pale kisogo kilipochomoza zaidi. Mpime akiwa na nywele atakazokwenda nazo kwenye theluji. Kisha pindua helmeti usome karatasi iliyobandikwa ndani. Utakuta vipimo kama 51–55. Akiwa katikati ya namba hizo wakati hajasukwa, na bado yumo ndani yake akishasukwa, helmeti ni nzima na hamna haja ya kununua. Msuko ukimtoa nje ya namba, badilisheni msuko au badilisheni helmeti.

Ile gurudumu ndogo ya kuzungusha kisogoni ndiyo inayowadanganya wazazi wengi. Inachokaza ni ukanda wa ndani tu, ganda lenyewe halipungui. Ukiona unaizungusha mpaka mwisho ndipo itulie, ganda ni kubwa mno au sponji za ndani zimelala. Ukiona lazima uifungue yote ndipo kichwa kiingie, ni ndogo. Mahali pazuri ni katikati, pabaki nafasi ya kukaza na ya kulegeza, kwa sababu kwa watoto wetu itazungushwa kila baada ya wiki mbili tatu.

Nataka ufanye jaribio hili kwa mikono yako. Mvishe, mfunge mkanda ubaki upana wa kidole kimoja au viwili chini ya kidevu, uhakikishe ukingo wa mbele uko kidole kimoja au viwili juu ya nyusi na miwani ya skii haiachi mwanya juu yake. Shika helmeti kwa mikono miwili, izungushe kushoto na kulia taratibu, huku ukitazama paji la uso. Ngozi isogee pamoja na helmeti. Helmeti ikiteleza peke yake na ngozi imetulia, inapwaya. Halafu weka kiganja kisogoni, isukume kwenda juu na mbele; isivuke macho. Mwishowe mwache aivae dakika kumi akiangalia katuni. Vitabu vya maelekezo husema utafute alama nyekundu, ila kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani kirahisi. Pitisha kidole chako kwenye paji la uso na juu ya masikio: ukisikia mfereji, pale ndipo panapombana.

Kuhusu msuko, nampendekezea kila mama twende kilioni nyembamba, iliyolala kichwani, ncha zikusanywe chini kabisa shingoni, chini ya lile gurudumu. Mabutu hapana. Rasta zilizofungwa utosini hapana. Shanga na vibanio vigumu vitoke vyote kabla ya kuvaa, maana kitu kigumu kati ya helmeti na fuvu hukusanya nguvu ya pigo mahali pamoja. Kofia ya sufu nayo usimvalishe ndani. Ya kitambaa chepesi inatosha, na ukiiweka, rudia jaribio.

Jingine linalobadilika ni sponji zenyewe. Jasho na mafuta ya nywele huzilaza. Baada ya misimu miwili mitatu utaona zimekuwa bapa kama chapati. Watengenezaji wengi huuza za akiba, nyembamba na nene, za modeli ileile. Usikate kipande cha godoro ukagundisha, na usichonge lile povu gumu lililo kati ya ganda na sponji ili msuko uingie. Nimeona mzazi amefanya hivyo kwa kisu cha jikoni, kwa mapenzi kabisa, na sikuwa na la kufanya ila kumwomba asimvalishe tena.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu nimesikia wasichana wetu wakiambiwa kwamba nywele zao haziendani na mchezo huu. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, na huko hakuna anayeshuka bila helmeti. Inahitaji kupimwa tu.

*Kaka, nimepata helmeti ya mtumba hapa Oslo, bei chee, haina hata mkwaruzo. Niichukue?*
Msomaji, Oslo

Hapana, ndugu yangu. Povu la ndani hufanya kazi kwa kupondeka, na likishapondeka halirudi. Ganda la nje laweza kurudi umbo lake likaficha yote. Hujui ilianguka lini, wala na nani. Kama ni ya kaka yako unayemwamini, tazama tarehe ya kutengenezwa ndani yake. Watengenezaji wengi hushauri kubadilisha kati ya miaka 3 na 5 hata kama haijagongwa. Tafuta pia alama ya EN 1077, ndicho kipimo cha Ulaya. Skii na fimbo nunua mtumba bila wasiwasi.

*Helmeti ya mwanangu inarudi imelowa kila Jumamosi. Naweza kuikausha juu ya hita?*
Baba, Minneapolis

Usiiweke kwenye hita, wala kwenye buti la gari wakati wa kiangazi. Joto hulegeza gundi na laweza kupinda povu, kisha msimu unaofuata mtoto anasema inamuumiza na hamjui kwa nini. Bandua sponji, zifue kwa maji ya vuguvugu na sabuni nyepesi, zianike sebuleni. Ganda lifute kwa kitambaa chenye maji, bila petroli wala thina. Ukirudisha sponji, angalia ya sikio la kulia isiende kushoto, na umvishe Ijumaa usiku kabla hajalala, ili kama kuna kasoro muione mkiwa nyumbani.