Uwanjani atakuwa peke yake: barua za wazazi wa wachezaji chipukizi wa tenisi

SWALI: Shikamoo Kocha. Binti yangu ana miaka 9 na huu ni mwaka wake wa pili wa kujifunza tenisi. Mwalimu wake anasema sasa aanze mashindano, na mwenyewe kila siku ananiuliza ni lini. Mimi sijawahi kushika raketi. Mzazi mwenzangu ananishauri nimtoe kwenye mipira ya rangi, ile ya watoto, nimwingize moja kwa moja kwenye mpira wa njano pamoja na watoto wakubwa ili akomae mapema. Nifanyeje? Na siku ya mechi, mimi niwe nafanya nini?
Baba wa binti

JIBU: Marahaba, baba. Nianze na mpira, maana hapo ukikosea mtoto atakaa miaka akilipa.

Mpira wa njano wa kawaida ukidunda mbele ya mtoto wa miaka 9 unamfika usoni, au unampita kichwani kabisa. Hebu jione wewe mtu mzima ukitakiwa kupiga kila mpira mkono ukiwa juu ya bega. Mtoto hujitafutia njia: ama anarudi nyuma hadi mgongo uguse uzio, ama anaugeuza mshiko wa raketi kupita kiasi ili aupate mpira ule mrefu. Nimepokea watoto wa miaka 12 wenye mshiko wa namna hiyo, na kuubadilisha ni kazi inayowaliza, kwa sababu inabidi wakubali kukosa mipira ambayo jana walikuwa wakiipata.

Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, liliona tatizo hilo. Tangu 2012 kanuni za mchezo haziruhusu mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini yake kuchezwa kwa mpira wa njano wa kawaida. Mpira mwekundu una mwendo mdogo zaidi, pungufu kuliko wa njano kwa asilimia 75 hivi, na uwanja wake una urefu wa karibu mita 11. Wa chungwa ni pungufu kwa asilimia 50, uwanja wa mita 18. Wa kijani ni asilimia 25, na huo huchezwa kwenye uwanja mzima wa mita 23.77. Binti yako kwa umri wake ni wa chungwa, au anaanza kugusa kijani. Mwalimu wake atakuambia. Raketi ya inchi 25 huwatosha wengi wa rika lake. Mpe aishike mkono ukining'inia pembeni: ncha ikigusa chini, ni ndefu mno.

Sasa, je, yuko tayari? Mimi siangalii uzuri wa fohandi, yaani pigo la upande wa mkono wa raketi. Naangalia kama sevu yake (pigo la kuanzisha pointi) ya pili, ile anayopewa akikosa ya kwanza, hata ikienda polepole, inaingia kwenye boksi la upande wa mpinzani. Naangalia kama anaweza kurudishiana mpira na mwenzake mara tano au sita bila kukata tamaa. Halafu namwambia acheze gemu nzima, yaani fungu zima la pointi, huku mimi nimenyamaza, nione kama anaweza kuihesabu mwenyewe, kwa sauti, hadi mwisho. Wengi huangukia hapo.

Hili, baba, ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Katika mashindano mengi ya watoto hakuna mwamuzi wa kiti. Kuna refa mmoja anayezunguka viwanja vingi. Kila mtoto anaamua mwenyewe mipira inayodondoka upande wake, na anayesevu ndiye anayetaja hesabu kabla ya kila pointi, yake ikitangulia: pointi moja huitwa kumi na tano, mbili thelathini, tatu arobaini. Mwalimu hayupo naye, na wewe uko nyuma ya uzio. Mtoto wa miaka 9 anakuwa mchezaji, mwamuzi na wakili wake mwenyewe kwa wakati mmoja.

Kijana wangu wa kwanza alicheza mechi yake ya kwanza akiwa na miaka 10. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe miaka mitatu, na miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikihesabu. Sikuliona hilo hadi siku ile. Ilikuwa gemu ya tatu, yeye anasevu. Ameushikiza mpira pajani, midomo inacheza, anahesabu kimoyomoyo. Mwenzake akasema kutoka upande wa pili, "Thelathini kwa arobaini." Wangu alijua ni arobaini kwa thelathini, nami nilijua. Akageuka kunitazama. Nilikuwa nimesimama karibu, vidole vyangu vimeshika waya wa uzio, na kabla sijafikiri nikatikisa kichwa kukataa. Mama wa yule mtoto mwingine akaniona. Refa akaja, akaniomba kwa adabu nisogee mbali na uwanja. Mwanangu akatazama chini, akasema "sawa" kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida, akasevu kwa hesabu isiyo yake. Gemu ile akaipoteza, na baada ya hapo hakupiga tena mpira hata mmoja kwa moyo.

Na kumbe kanuni ya kumsaidia ilikuwepo, nyepesi kabisa. Wachezaji wakipishana kwenye hesabu, wanakumbushana pointi moja moja. Zile wanazokubaliana zinabaki. Ile wanayobishania tu ndiyo inayorudiwa. Mmoja akisema ni arobaini kwa thelathini na mwingine thelathini kwa arobaini, na kumbe wanabishania nani alipata pointi ya kwanza tu, basi wote wanakubali kwamba kila mmoja ana mbili zisizo na ubishi. Wanaendelea kutoka thelathini wote. Wakishindwa kuelewana, mchezo unasimama na refa anaitwa.

Kwa hiyo mfundishe hilo nyumbani. Huhitaji kujua kucheza. Fungeni kamba katikati kama wavu, rushianeni mpira kwa mkono, na yeye ataje hesabu kabla ya kila pointi, ya anayeanzisha ikitangulia. Mkishazoea, mara mojamoja wewe taja hesabu ya uongo kwa makusudi, kisha unyamaze. Mara ya kwanza atakutazama tu, kwa sababu wewe ni baba yake na amelelewa asikubishie. Mpe maneno ya kusema: "Samahani, nadhani ni thelathini wote. Tukumbushane pointi." Ayaseme akiwa amesimama wima, akikutazama. Na jingine: "Naomba refa." Ayaseme hayo mara nyingi hadi yamtoke kama salamu. Siku akikusahihisha bila wewe kumwonyesha kwa uso, andikisha jina lake.

Ukichagua mashindano ya kwanza, uliza kama ni ya makundi au ya mtoano. Katika mtoano wa watoto 16, wanane wanarudi nyumbani baada ya mechi moja. Kwenye makundi atacheza mechi tatu au nne hata kama anafungwa zote. Uliza pia kuhusu seti (mafungu ya gemu) fupi, zile za gemu nne, na kama seti ya tatu inabadilishwa kwa taibreki ya pointi 10, yaani shindano fupi la kuhesabu pointi moja moja hadi 10. Kwa mwili mdogo tofauti yake ni kubwa.

Nawe siku ya mechi kaa mahali ambapo akikutafuta atakuona, lakini siyo mbele ya macho yake. Mikono iwe mapajani. Pigia makofi mpira mzuri wa mtoto yeyote. Usimwelekeze kwa mdomo wala kwa ishara mpaka uwe umewauliza waandaaji kama mafunzo ya nje ya uwanja yanaruhusiwa. Kati ya pointi na pointi ana sekunde 25, na wakati wa kubadilishana pande ana sekunde 90. Hizo ni zake. Akitaka kuzitumia kufunga kamba za viatu upya, mwache afunge.

Mechi ikiisha, mpe maji, na njiani usiianzishe habari ya mechi. Akiianza yeye, msikilize. Ukishindwa kujizuia, mwulize kama kuna mahali alitaja hesabu vizuri.

SWALI: Kocha, mwanangu ana miaka 11. Jumamosi iliyopita mzazi wa mpinzani wake alimwita mwizi mbele ya watu kwa sababu aliita "auti" mpira ambao mzazi huyo aliuona umegusa mstari. Mwanangu analia kila nikitaja raketi. Sijui kama aliiba kweli. Nimuulizeje?
Mama mwenye uchungu

JIBU: Pole sana, mama, na umpe mwanao pole yangu. Mtu mzima hana ruhusa ya kumwita mtoto mwizi uwanjani. Likitokea tena, usijibizane naye. Nenda kwa refa au mwandaaji, umweleze yaliyosemwa na nani aliyeyasema.

Kuhusu mpira wenyewe, jua kwanza kwamba kuuona ni kazi ngumu. Mtoto anakimbia, kichwa kinacheza, na mpira unadunda na kuondoka kwa kufumba na kufumbua. Yule mzazi naye alikuwa ameketi pembeni, akiutazama mstari kwa mshazari kutoka mbali. Inawezekana wote wawili walisema walichokiona.

Mimi huwafundisha hivi: ukiona nafasi kati ya mpira na mstari, sema "auti" papo hapo na unyooshe mkono. Usipoiona nafasi hiyo, mpira ni mzima, endelea kucheza. Mpira uliogusa mstari hata kidogo ni mzima, na penye shaka haki ni ya mpinzani. Hiyo ni kanuni, si hisani. Mwanao akiita auti halafu akatambua kwamba alikosea, aseme. Kwa kanuni za ITF, akikosea hivyo kwa mara ya kwanza katika mechi, pointi hurudiwa, isipokuwa kama mpira ule ulikuwa wa kumaliza pointi. Hapo, au akikosea tena, pointi ni ya mwenzake. Watoto wengi hawajui kwamba njia hiyo ipo. Wakishatamka auti wanadhani wamefungwa na neno lao, basi wanalishikilia huku wakijua si kweli, na hapo ndipo machozi yanapoanzia.

Ukikaa naye, usimuulize kama aliiba. Chukua mpira, chora mstari chini, mwambie aweke mpira pale alipouona ukidunda. Weka na wewe mingine: mmoja umegusa kidogo, mwingine umeachana na mstari kwa upana wa kidole. Mwache aiite. Mtoto akiinama kutazama mpira uliotulia, mdomo hufunguka wenyewe.

Na kama atakwambia kwamba alijua ulikuwa mzima, mama, nakusihi usipandishe sauti. Mwulize aliogopa nini. Katika miaka yangu ya kufundisha, watoto niliowaona wakiita auti mipira iliyo mizima waziwazi, wengi walikuwa wakiupiga jicho uzio kwanza. Walikuwa wakiogopa kufungwa mbele ya mtu fulani aliyekaa pale. Jitazame kama mtu huyo ni wewe, au baba yake, au mwalimu wake. Kisha mpeleke kwenye mechi ya kirafiki na mtoto anayempenda, bila mashabiki, aite mipira yake kwa utulivu. Asirudi kwenye mashindano kabla ya hapo.

SWALI: Binti yangu wa miaka 12 anashindana karibu kila wikendi ili apande kwenye viwango kabla hajaanza mashindano ya dunia. Siku hizi analalamika kisigino kinamuuma asubuhi. Nimpumzishe au nimvumilishe?
Mzazi mwenye haraka

JIBU: Mpumzishe. Mashindano ya dunia ya vijana ya ITF yanawapokea kuanzia siku wanayotimiza miaka 13 hadi 18. Ana muda wa kutosha. Yanaanzia daraja la J30 na kupanda hadi J500 na mashindano makubwa ya vijana kama Wimbledon, na kule chini kabisa hakuna anayeuliza mtoto alishinda vikombe vingapi akiwa na miaka 12.

Kisigino kinachouma kwa mtoto anayerefuka hakivumilishwi. Katika umri huo mfupa wa kisigino bado una sehemu laini ya ukuaji, na kano kubwa ya nyuma ya mguu huivuta kila anaporuka na kusimama ghafla. Uwanja mgumu huzidisha. Huwa panapona vizuri mtoto akipumzishwa mapema. Kipimo ambacho makocha wengi tunakifuata ni kwamba saa za michezo kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto, yaani kwake 12, mechi zikihesabiwa humo, na awe na siku moja au mbili za wiki bila raketi kabisa. Wewe hesabu wiki yake iliyopita uone.

Mpeleke kwa daktari wiki hii. Mashindano ya wikendi hii jitoeni leo, mapema, ili waandaaji waweze kumpa mtoto mwingine nafasi yake kwenye droo.