Hadithi imezidi maneno, nitume tu?

SWALI: Shikamoo anti, kuna shindano la hadithi fupi nataka kuingia, wanataka maneno yasizidi 3,000 na yangu imefika 3,412, rafiki yangu anasema tuma tu hivyohivyo kama ni nzuri wataisoma. Halafu kipande cha mwanzo niliwahi kukiposti kwenye ukurasa wangu, kuna shida?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo rafiki usimsikilize, mashindano mengi kazi iliyozidi inawekwa pembeni hata kabla jaji hajaiona, uzuri hapo hausaidii. Anza kukata mwanzoni: kama mhusika anaamka, ananawa uso, anachungulia dirishani mvua inanyesha, futa yote mpaka pale mlango unapogongwa, nakwambia maneno 300 yameshaenda na hakuna atakayeyaulizia. Yaliyobaki yatafute kwenye kina "alianza kulia" (weka "alilia" basi) na hizo "ghafla" zako.

Kuposti ndo pagumu. Waandaaji wengi wanahesabu hata posti ya mtandaoni kuwa imeshachapishwa, na kuifuta sasa hivi si lazima ikuokoe, kwa hiyo waandikie uwaulize kabla hujatuma. Jina nalo, kama wamesema lisionekane, angalia mpaka kule juu ya kila ukurasa, mimi lilibaki pale nikaondolewa, niliumia wiki nzima. Na wakiandika kwamba kazi inakuwa mali yao hata usiposhinda, achana nao.